Taa ya Konyeza Ndani ya Bakteria

Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliwaona bakteria wakiogelea tangu 1676. Kilichowashinda yeye na waliomfuata ni kuona kinachotendeka ndani yao. Ili kumpaka bakteria rangi aonekane vizuri kwenye hadubini, kwa kawaida ilibidi akaushwe kwanza, na aliyekaushwa hasimulii alivyoishi.

Ufumbuzi ulitoka baharini. Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura na mwenyeji wake wa Chuo Kikuu cha Princeton, Frank Johnson, walikwenda Friday Harbor, jimbo la Washington, Marekani, wakavua konyeza (wengine humwita yavuyavu) wapatao 10,000. Walikata kingo zao zing'aazo na kuzikamua. Siku moja Shimomura alimwaga mabaki kwenye sinki, likawaka buluu ghafla. Humo mlikuwa na maji ya bahari, na kalsiamu yake ndiyo iliyowasha. Pamoja na protini hiyo ya buluu waliikuta nyingine, ya kijani. Katika ripoti yao ya 1962 haikupata zaidi ya tanbihi.

Miaka 30 ikapita. Mwaka 1992 Douglas Prasher, huko Woods Hole, alitoa jeni ya protini hiyo ya kijani, kisha fedha za utafiti zikamwishia. Akawagawia wenzake jeni bila choyo. Martin Chalfie wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa mmoja wao. Mwanafunzi wake Ghia Euskirchen aliipandikiza kwa bakteria E. coli, naye akang'aa kijani bila msaada mwingine wowote wa konyeza. Habari ilichapishwa Februari 1994. Tuzo ya Nobel ya 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Roger Tsien, aliyeongeza rangi nyingine. Wakati huo Prasher alikuwa dereva wa gari la kubebea wateja huko Alabama. Mimi naona alidhulumiwa na bahati.

Kwa bakteria, kilichofuata kilikuwa kikubwa. Walidhaniwa ni vifuko vya mchuzi usio na mpangilio. Mwaka 1996 protini FtsZ, iliyofungwa taa ya kijani ya konyeza, ilionekana katika bakteria hai ikijipanga pete katikati, pale anapojigawa. Mwaka 1999 David Raskin na Piet de Boer, huko Cleveland, waliifunga taa MinD, mojawapo ya protini zinazoizuia pete isikae pembeni. Ilikuwa ikienda kutoka ncha moja hadi nyingine na kurudi, tena na tena, ndani ya kiumbe ambaye 500 wakipangwa mstari hufika milimita moja tu. Bakteria aliyekaushwa angeionyesha MinD imetulia upande mmoja, na hakuna ambaye angeuliza inakwenda wapi.