Kikohozi Kilichokuwa Kipimo

Mwaka 1923, daktari Victor Bonney wa London aliandika kuhusu wanawake waliotokwa na mkojo mchana. Kilichowasaliti kilikuwa kikohozi, chafya, kicheko cha nguvu au mzigo ulioinuliwa kwa ghafla. Tumbo likisukuma kibofu, matone hutoka papo hapo bila haja kutangulia. Anayebanwa ghafla akashindwa kufika chooni ana tatizo jingine, ingawa wapo wenye yote mawili.

Kupima kulikuwa rahisi: mgonjwa, kibofu kikiwa kimejaa, aliambiwa akohoe.

Tiba ya zama hizo ilikuwa kisu hasa. Howard Kelly wa Baltimore alikwisha kueleza mwaka 1913 upasuaji wa kushona tishu zinazoshikilia shingo ya kibofu. Kisha, mwaka 1948, Arnold Kegel wa Los Angeles akachapisha mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga. Alitumia pia kifaa chenye kipimo cha shinikizo, ili mwanamke aone kwa macho misuli yake ikipata nguvu.

Mazoezi yalienea duniani. Kifaa, kwa bahati mbaya, hakikufuatana nayo. Hadi leo wapo wanaokaza matako wakidhani wanafanya alichofundisha Kegel.