Mtoto kwa Mtoto: Historia ya Afya ya Jamii Mikononi mwa Watoto wa Shule

Katika historia ya huduma ya afya ya msingi, yaani huduma inayomfikia mwananchi pale anapoishi na kwa gharama ambayo jamii yake inaimudu, mchango wa watoto umeandikwa kwa uchache mno, ingawa katika vijiji vingi vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ni wao waliowabeba, kuwalisha na kuwachunga wadogo zao wakati wazazi wakiwa shambani au sokoni. Mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ulioanzishwa London kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, ulijengwa juu ya ukweli huo: mwanafunzi ni mlezi tayari, na alichopungukiwa ni maarifa, si moyo wa kusaidia.

Mmoja wa waasisi wake, David Morley, alikuwa daktari wa watoto kutoka Uingereza aliyefanya kazi Ilesha, Nigeria, katika miaka ya 1950. Katika kijiji cha Imesi-Ile, karibu na Ilesha, aliendeleza chati ya kufuatilia uzito wa mtoto, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vya kadi ya kliniki inayotunzwa leo na akina mama wa Afrika Mashariki. Aliporejea London alishirikiana na Hugh Hawes, mtaalamu wa elimu aliyewahi kufanya kazi Uganda, na kwa ushirikiano huo taaluma mbili zilizozoea kutengana, tiba na ualimu, zikakutana darasani.

Vifaa vilivyotumika vilikuwa vya bei ndogo sana. Kimojawapo ni utepe wa kupimia mzingo wa mkono, uliohusishwa na daktari Adnan Shakir wa Baghdad, ambao uliweza kukatwa kutoka kwenye filamu kuukuu ya eksirei na kutiwa rangi tatu. Kwa mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, kipimo kilichozidi sentimita 13.5 kiliangukia kijani, kilichopungua sentimita 12.5 kiliangukia nyekundu, ishara ya utapiamlo mkali, na kilichokuwa kati yake kiliangukia njano. Kwa kuwa matumizi yake hayakudai mizani wala hesabu, mwanafunzi aliyefundishwa vyema aliweza kumtambua mapema mtoto wa jirani aliyehitaji chakula zaidi au kupelekwa zahanati.

Somo la kuhara lilifuata njia hiyo hiyo. Huko Ajoya, kijiji cha milimani nchini Mexico, ambako David Werner na wahudumu wa afya wa kijiji walizifanyia majaribio shughuli za mpango huu, watoto walitoboa kibuyu, wakaziba matundu, wakakijaza maji na kukifunika mdomo kwa kitambaa kilicholowa. Maji yalipoachwa yatoke kwa chini, kitambaa kilibonyea kama unavyobonyea utosi wa mtoto mchanga aliyeishiwa maji mwilini. Walipokwisha kuona kwa macho yao kwamba kinachoua ni upungufu wa maji, walijifunza kuchanganya maji safi, sukari na chumvi kidogo, na kuonja kwanza ili mchanganyiko usizidi machozi kwa chumvi.

Hata hivyo, mpango huo uliibua swali zito la haki, kwa kuwa mtoto, hasa wa kike aliyekwisha kulemewa na kazi za nyumbani, angeweza kugeuzwa mtumishi asiye na ujira kwa jina la kujitolea. Jibu linalostahili kushikiliwa ni kwamba watoto washiriki katika kuchagua tatizo, kulichunguza na kupima matokeo ya walichofanya, na kwamba kazi yao isichukue nafasi ya wajibu wa wazazi wala wa serikali. Kwa kigezo hicho, gharama ndogo haikutokana na kuidunisha kazi ya mtoto, bali na kuheshimu malezi aliyokuwa akiyatoa tangu zamani. Na shule yoyote inayotaka wanafunzi wake wajitolee leo haina budi kuanza hapo, kwa kuuliza kwanza watoto wake wanawatunza akina nani na wanahitaji kujua nini ili wawatunze vyema.