Lingshan, kilima walikoombea safari

Nje kidogo ya lango la mashariki la mji wa kale wa Quanzhou, jimbo la Fujian, China, kuna kilima kiitwacho Lingshan. Hakina urefu wa kutisha. Watu hukipanda kwa ajili ya makaburi mawili ya mawe yaliyolazwa ubavu kwa ubavu, yaliyozungukwa kwa nyuma na baraza ya nguzo iliyojipinda kama kwato ya farasi.

Wenyeji husimulia kwamba waliolala hapo ni wafuasi wawili wa Mtume Muhammad. He Qiaoyuan, mwanahistoria aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 17, alieleza kuwa walikuja wanne katika kipindi cha Wude, kati ya 618 na 626: mmoja akafundisha Guangzhou, wa pili Yangzhou, hawa wawili wakabaki Quanzhou. Hesabu hiyo ina walakini. Mwaka 622 Waislamu ndio kwanza walikuwa wanaihama Makka kwenda Madina. Nani angepata nafasi ya kutuma walimu Fujian?

Kilichochongwa kwenye jiwe hakina utata huo. Barazani limesimama bamba lenye maandishi ya Kiarabu, la Ramadhani ya mwaka 722 wa Hijria, yaani 1322, linaloeleza jinsi Waislamu wa mji huo walivyoyakarabati makaburi. China wakati huo ilitawaliwa na Wamongolia, na Quanzhou, ambayo Waarabu waliiita Zaitun, ilijaa wafanyabiashara kutoka Uajemi na Uarabuni. Ibn Battuta, aliyekuwa amekwisha kuziona Mombasa na Kilwa, aliihesabu bandari hiyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mabaki ya merikebu ya karne ya 13 yaliyofukuliwa kwenye tope la Houzhu mwaka 1974 yana urefu wa mita 24 hivi, na ndani yake mlikuwa na ubani, pilipili manga, ambari na kauri, shehena ambayo mzee wa Lamu angeitambua kwa pua tu.

Neema hiyo haikudumu. Kuanzia 1357 hadi 1366 askari wenye asili ya Uajemi waliasi, mji ukaharibika, na wageni wengi wakauawa au wakatoroka. Mawe ya makaburi yao, mengine yenye maandishi ya Kiarabu pamoja na mawingu na maua ya mayungiyungi ya Kichina, yakaishia kujengea ukuta wa mji. Ukuta ulipobomolewa katika karne ya 20, mwalimu wa shule, Wu Wenliang, alihangaika kuyaokoa, na mwaka 1957 akachapisha kitabu juu yake.

Makaburi ya Lingshan yalisalimika, na hapo ndipo alipokuja Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya mfalme Yongle wa China. Towashi huyu alizaliwa Yunnan katika familia ya Kiislamu. Jiwe fupi kando ya makaburi linasema kwamba mwaka 1417, mwezi wa 5 kwa kalenda ya Kichina, akiwa ametumwa Hormuz na nchi nyingine, alifukiza ubani hapo akiomba walinzi watakatifu wamhifadhi. Aliwahi mapema. Upepo wa kusukuma matanga kutoka Fujian kuelekea kusini huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka. Ni ndugu wa kaskazi yetu. Jiwe halitaji Malindi, lakini wajumbe wa Malindi, ambao twiga wao alipokewa kwa shangwe na mfalme Yongle mwaka 1415, walikuwa miongoni mwa wageni waliorudishwa makwao katika safari hiyo.

Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha Quanzhou kuwa Urithi wa Dunia, na makaburi haya ni moja ya maeneo yake 22. Kilima kizima kimejaa makaburi mengine ya Waislamu, yakiwemo ya ukoo wa Ding kutoka Chendai, kusini mwa mji, ambako leo kuna viwanda vya viatu vya michezo. Ding wengi wameacha kuswali tangu vizazi vingi, na nyama ya nguruwe wanaila. Ila siku ya kuwatolea wahenga sadaka, nyama hiyo haiwekwi mezani.