Jina la Morris na Ngoma ya Njuga

Wazee wetu wengi wanalikumbuka jina la Morris kwa ajili ya ile motokaa ya Kiingereza iliyoundwa Cowley, pambizoni mwa Oxford, katika kiwanda cha Bwana William Morris. Na karibu na hapo pana kijiji cha Headington Quarry, ambacho watu wake, kabla motokaa hiyo haijazaliwa, walikuwa wakicheza ngoma iitwayo Morris vilevile, ingawa bwana huyo hakuipa ngoma jina lake, wala ngoma haikumpa yeye.

Nasaba ya jina la ukoo yaanzia kwa Warumi, waliomwita Mauritius mtu wa asili ya Maghribi. Na kwa kuwa askari mmoja mwenye jina hilo alihesabiwa na Wakristo kuwa shahidi wa dini, Wafaransa wakawaita watoto wao Maurice, na Wanormani wakaingia nalo Uingereza. Kisiwa cha Morisi, katika bahari yetu hii, kilipewa jina la jamaa hiyohiyo na Waholanzi mwaka 1598, kwa kumtukuza mtawala wao Maurits.

Ngoma ilipita njia yake. Katika karne ya 15, majumba ya wakubwa wa Ulaya yalipenda michezo waliyoiita ya Kimaghribi, na daftari za wafua dhahabu wa London zaonyesha kwamba mwaka 1448 wachezaji walilipwa shilingi 7. Wapo wanaodai kwamba ililetwa na Waarabu wa Andalusi. Mimi naona ni wepesi wa Wazungu wa zama zile kukiita cha Kimaghribi kila kilichowastaajabisha. Baadaye iliteremka vijijini, Wapuritani wakaipiga marufuku, ikafufuka, na kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa taabani.

Tarehe 26 Disemba 1899, Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyekuwa mgeni nyumbani kwa mkwewe huko Headington, alichungulia dirishani akaona wanaume waliovaa nguo nyeupe, njuga miguuni, wakirusha leso na kugonganisha fimbo, na kijana mwashi, William Kimber, akiwapigia kinanda kidogo cha mkono. Waliomba radhi, maana msimu wao hasa ulikuwa Pentekoste, ila baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, nao walihitaji senti. Kesho yake Sharp akamwita Kimber, akaziandika nyimbo zake; na mwaka 1911 akaasisi chama cha ngoma za Kiingereza. Miongoni mwa wachezaji wake hodari alikuwamo mtunzi George Butterworth, aliyeuawa vitani Somme mwaka 1916.

Kimber aliishi hadi 1961, na kabla hajafariki barabara moja ya Headington ilikwisha kuitwa kwa jina lake.