Piramidi ya Wallenda: kile ambacho picha haikuonyesha

Hebu tafuta picha yoyote ya zamani ya familia ya Wallenda, wale wanasarakasi wa kutembea juu ya waya, kisha urudi hapa. Tafuta ile ya piramidi ya watu saba. Umeipata?

Anzia chini. Juu ya waya mmoja wa chuma wamesimama wanaume wanne kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, wameunganishwa wawili wawili kwa upau uliolala mabegani, kama ng'ombe wa jembe kwenye nira. Juu ya kila upau kuna mwanamume mwingine. Hao wawili nao wamebeba upau wao, na juu yake kuna kiti. Naam, kiti cha kukalia! Na kiti kina mtu, mara nyingi binti wa familia. Chini ya wote hao hakuna wavu.

Kiongozi wao, Karl Wallenda, alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1905. Mwaka 1928 sarakasi ya Ringling iliwapeleka Marekani, na kufikia mwaka 1947 piramidi hii ilikuwa tayari. Picha zake ndizo zilizouza tiketi. Na picha zote zinasema jambo lilelile: hawa watu wametulia tuli.

Huo ni uongo mtamu. Miaka ya 1860 mwanasarakasi aliyepigwa picha ya biashara studioni alikuwa anatulia kwelikweli, kwa sababu kioo chenye dawa kilihitaji sekunde kadhaa kushika sura yake. Ukijitikisa, unatoka ukungu. Kwa hiyo walimwegemeza kwenye kitu wakamwambia asipumue. Karne ya 20 mambo yaligeuka. Kamera ilikuwa na kasi ya kukata sehemu ndogo sana ya sekunde, na utulivu unaouona ni wa kamera, wala si wa watu. Juu ya waya hakuna anayetulia. Kila mmoja anayumba na kujirekebisha bila kukoma, na wewe umeonyeshwa nukta moja tu ya mtikisiko huo.

Angalia miti mirefu waliyoishika. Mtu akidhani ni pambo, mpe jaribio hili: chukua mpini wa fagio, ushike katikati, uzungushe kushoto na kulia. Rahisi, sivyo? Sasa funga chupa ya maji kila ncha, ujaribu tena. Unagoma kuanza kuzunguka, na ukishaanza unagoma kusimama. Siyo uzito tu unaofanya hivyo, ni umbali wake kutoka katikati: ukiusogeza uzito uleule mara mbili mbali zaidi, ukaidi wa kuzunguka unaongezeka mara nne. Mti mrefu unampunguzia mtembeaji kasi ya kuanguka, na hapo anapata muda wa kujirekebisha. Kile anachonunua kwa mti ule ni muda, tena kidogo sana.

Lakini katika piramidi muda huo ni wa shirika. Mtu wa mbele akiyumba, upau unalipeleka kosa lake kwa wa nyuma yake, na kwa aliye juu yao, na kwa aliye kwenye kiti.

Tarehe 30 Januari 1962, Detroit, wa mbele alikuwa Dieter Schepp, mgeni katika kundi. Mabango yalisema "familia", na ni kweli, ila familia ya namna tunayoijua hata sisi: Dieter na dada yake Jana, aliyekaa kwenye kiti, walikuwa jamaa wa Karl, waliotoka Ujerumani Mashariki. Wa pili, Richard Faughnan, alikuwa mkwe wa Karl. Wa tatu, Mario, mtoto wake wa kulea. Wa nne, Gunther, mtoto wa kaka yake Herman. Karl na Herman wenyewe walikuwa ghorofa ya pili.

Mti ulimponyoka Dieter. Watatu wa mbele wakaanguka hadi chini. Dieter na Richard walikufa, Mario akapooza kuanzia kiunoni. Gunther alibaki amesimama. Karl na Herman waliangukia waya wakaushika, na Jana akashikiliwa hewani hadi watu walipotandaza kitu cha kumpokea. Usiku uliofuata kundi lilipanda tena. Sijui wewe, mimi hapo ndipo huwa naiweka picha chini kidogo.

Ukiirudia, tafuta kitu ambacho wengi hawakioni: nyuzi nyembamba zinazoshuka kutoka kwenye waya mkuu hadi ardhini. Hizo ni kamba za kuuzuia waya usiyumbe upande. Wapiga picha hawakuzijali, ila bila hizo mti mrefu kiasi gani haukusaidii. Tarehe 22 Machi 1978, San Juan, Puerto Rico, Karl mwenye miaka 73 alitembea kati ya majengo mawili ya hoteli, kama mita 37 juu, upepo ukivuma kwa nguvu. Waya ukacheza, akachuchumaa, akaanguka akafa. Familia ilisema kosa halikuwa la upepo. Kamba zile hazikufungwa sawasawa.

Piramidi ya saba waliijenga tena Detroit mwaka 1998. Na mwaka 2011 mjukuu wa Karl, Delilah, na mwanawe Nik walirudi kwenye hoteli ileile ya San Juan. Walianza kila mmoja upande wake, wakakutana katikati. Mama akaketi juu ya waya, mtoto akamruka, kila mmoja akaendelea na safari yake.