Tone la Maji na Kiini cha Atomu

Leo, kabla ya kufungua madaftari, chovyeni kidole majini, kisha mkiinue. Tazameni tone linaloning'inia. Hurefuka, huwa jembamba katikati kama kiuno cha nyigu, halafu hukatika. Likumbukeni tone hilo.

Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu mna kiini, na katika kiini cha urani mna chembe nyingi ziitwazo nyutroni. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni. Wakakuta bariamu, ambayo atomu yake ni nyepesi sana kuliko ya urani. Wakastaajabu: imetoka wapi?

Hahn alimwandikia mwenzake wa miaka mingi, Bibi Lise Meitner. Mwaka ule ule bibi huyu alikuwa amekimbilia Sweden, kwa kuwa serikali ya Hitler iliwatesa watu wa asili ya Kiyahudi. Wakati wa Krismasi alitembea katika theluji na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, wakilifikiria jambo hilo. Wakatambua kuwa kiini cha urani ni kama tone: kikipigwa hutikisika, hurefuka, hukatika vipande viwili kwa nguvu kubwa.

Mwaka 1939, mjini Paris, Frédéric Joliot na wenzake waligundua kwamba kiini kikipasuka hutoa nyutroni nyingine, mbili au tatu. Hapo ndipo penye hatari. Kiini kimoja chaweza kupasua viwili, viwili vinne, vinne vinane. Zidisheni kwa mbili mara kumi, mtapata 1,024. Nyutroni za ziada zikizuiwa, moto huu ni wa jikoni. Zikiachiwa, ni moto wa nyika.

Chicago, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi aliuwasha moto uliozuiwa. Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ukaachiwa ule mwingine, ukaua maelfu ya watu. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, nchini Kongo.

Bibi Meitner aliombwa asaidie kutengeneza bomu. Alikataa. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake.

Sasa andikeni majibu:
1. Kiini cha urani kinafanana na tone kwa jinsi gani?
2. Mkizidisha mara tano tu, mtapata viini vingapi?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.