Mafunzo ya vijana wenye ulemavu wa akili baada ya shule ya msingi (Biharamulo)

Ni mafunzo ya stadi za maisha na kazi kwa vijana ambao ulemavu wa akili, usonji au sindromu ya Down huwafanya wajifunze taratibu kuliko wenzao. Nchini Tanzania wengi wa wanaofika shuleni hupokelewa katika vitengo vya elimu maalumu vya shule za msingi. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuandaa walimu wao. Ugumu huja baadaye: kitengo hakina kidato cha kwanza, na kijana hurudi kukaa nyumbani.

Wilayani Biharamulo, mlango ulio karibu ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Rubondo. Vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vikilenga watu wazima wasio na elimu ya sekondari. Muundo huo unafaa, lakini peke yake hautoshi. Kijana huyu huhitaji kazi moja, tuseme kushona pindo, igawanywe hatua ndogondogo, na kila hatua airudie siku nyingi. Mwalimu wa ufundi asiyesomea elimu maalumu huenda na kasi ya darasa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya elimu na mafunzo ya ufundi. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 2 kati yake zikiwa za watu wenye ulemavu. Mkopo, hata hivyo, humfaa aliyekwisha kufundishwa kazi.